Mwachie Mteja Njia ya Kujitoa

Nilipoanza kuuza mikoba ya ngozi ya samaki aina ya mbuta hapa Kisumu, nilikifuta kile kiungo kidogo cha kujitoa kwenye orodha kinachokaa chini ya barua pepe za matangazo. Wateja wangu nilikuwa nimewapata kwa jasho, mmoja mmoja, wengi wao wageni wa ziwani walioniachia anwani zao. Kwa nini nimwonyeshe mtu pa kutokea?

Aliyechoka na barua zangu alitafuta njia yake mwenyewe: alibonyeza kitufe cha spamu, yaani cha kuripoti barua taka. Hapo ndipo nilipoumia. Mtu akijitoa, unampoteza yeye peke yake. Akikuripoti, kampuni ya barua pepe inaandika alama mbaya kwenye jina lako, na alama zikizidi, hata wanaokupenda hawakuoni tena. Google inataka malalamiko yasifike asilimia 0.3, yaani watu watatu kwa kila barua 1,000. Mwenye orodha ndogo kama yangu, watu wawili tu waliokasirika wanatosha kumharibia. Mteja wangu wa Nairobi aliagiza mikoba 12. Ankara niliyomtumia ikaangukia kwenye spamu. Alisubiri siku nne, akanunua kwingine. Bado inaniuma.

Tangu Februari 2024, wanaotuma zaidi ya barua 5,000 kwa siku kwenda Gmail wanatakiwa waweke njia ya kujitoa kwa mbofyo mmoja. Lakini hata sisi wadogo sheria inatugusa. Kanuni za Kenya za mwaka 2021, zilizotungwa chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, zinamtaka anayetangaza biashara kwa kutumia anwani za watu awape njia rahisi ya kukataa. Kwa wateja walio Marekani, sheria yao ya 2003 inakupa siku 10 za kazi uwe umeshamtoa aliyeomba.

Kwa hiyo kirudishe kiungo hicho, na kwa maandishi yanayosomeka, si ya kijivu yaliyofifia. Usimdai nywila, wala usimwulize mara tatu kama ana hakika. Ukiweza, mpe nafasi ya kuchagua barua moja kwa mwezi. Kwangu wengi wamebaki kwa njia hiyo.

Na kabla hujawatumia wote, jitumie mwenyewe kwanza, ukibonyeze, uone kama jina lako limetoka kweli. Changu kiliwahi kukaa wiki mbili hakifanyi kazi, nami sina habari.