Sanhujoriwon: mama mzazi hashindi amelala

Dada, umeuliza kama kina mama kwenye sanhujoriwon, vile vituo vya Korea Kusini vya kumtunza mama aliyetoka kujifungua na mtoto wake, kazi yao ni kulala tu. Wapi! Siku nzima inaliwa na maziwa. Mtoto anakaa na wauguzi kwenye chumba cha watoto, mama ana chumba chake. Mtoto akishikwa na njaa, simu ya chumbani inalia: unakuja kunyonyesha, au tumpe chupa? Unajikokota na sare ya kituo hadi chumba cha kunyonyeshea, mnakaa na wazazi wenzio, kila mmoja na mto wake mapajani. Ukirudi unakamua kwa pampu, unaandika jina na saa kwenye chupa, unaipeleka. Hujakaa sawa, supu ya mwani imefika. Tena! Asubuhi, mchana, jioni.

Katikati kuna kukandwa mwili na matiti, kukalia maji ya moto, na somo la kumwogesha mtoto. Usiku unaweza kuomba usipigiwe simu, nao wakampa chupa. Kwangu mimi hicho ndicho hasa kinacholipiwa.

Wageni kwa kawaida ni baba tu. Bibi mara nyingi anaishia kumwona mjukuu kupitia kioo. Wengi hukaa wiki 2 hivi, na bili inafika mamilioni ya won, pesa ya Korea. Bima ya afya ya taifa hailipi, ila tangu 2022 serikali inatoa vocha ya mtoto mchanga, won milioni 2 kwa wa kwanza, na inapokelewa humo.