KIA hadi Chicago: mtandao unasema saa 15, tiketi inasema zaidi ya 24

Mleta mada, umeuliza kama wakala wa tiketi hapo Arusha anamzungusha mama yako, kwa kuwa mtandaoni umeona KIA (uwanja wa ndege wa Kilimanjaro) hadi Chicago ni kilomita 13,100, kama saa 15 hewani, ilhali safari aliyompangia inapita saa 24. Hamzungushi. Binti yangu anaishi huko na njia hiyo naijua, nimewasindikiza hata wazee.

Zile 13,100 ni umbali wa mkato juu ya mviringo wa dunia, zikagawanywa kwa mwendo wa ndege. Ndege ya moja kwa moja kutoka KIA kwenda Marekani haipo, lazima aunganishe. Akipitia Amsterdam ni kama kilomita 6,900, kisha 6,600 hadi Chicago. Jumla 13,500, nyongeza ndogo sana. Akipitia Doha anaanza kwa kwenda kaskazini mashariki, 3,550, halafu kipande cha pili peke yake ni kama 11,450. Hapo mama atakaa kitini saa 14 au zaidi bila kushuka. Kwa mtu ambaye miguu inamvimba, mimi nachagua Amsterdam hata bei ikizidi kidogo. Ila isome tiketi vizuri: ndege hiyo ikitoka KIA huweza kutua kwanza Dar es Salaam, na muda huo hesabu ya mtandaoni haiujui.

Addis Ababa, Ethiopia, ni karibu, kilomita 1,400 tu. Lakini uwanja wake wa Bole uko zaidi ya mita 2,300 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, na ndege haipai kwa urahisi ikiwa na mafuta ya kufika Marekani. Ndiyo maana safari nyingine za huko hutua njiani kujaza.

Kinachokula muda hasa ni kusubiri, na kwa mama usikipunguze mno. Saa moja ya kuunganisha ikatae kabisa. Tatu zinamtosha mzee kutembea taratibu. Kiti cha magurudumu kiombwe tangu siku ya kukata tiketi. Na tiketi iwe moja hadi Chicago: ndege ya kwanza ikichelewa, ni juu ya shirika kumtafutia nyingine.

Saa zilizoandikwa kwenye tiketi ni za kila mji, kwa hiyo usitoe tu ya kuondoka kwenye ya kufika. Chicago iko nyuma yetu saa 9 kati ya Novemba na Machi, saa 8 miezi mingine. Na tiketi ikisema 01:30 Jumamosi, hiyo ni saa 7 na nusu usiku wa kuamkia Jumamosi. Mama awe KIA Ijumaa usiku.

Kutoka Sakina, hapo Arusha, hadi KIA ni zaidi ya kilomita 50. Kama ndege ni ya jioni na siku ni Jumatano au Jumamosi, tokeni mapema sana, maana soko la Tengeru likichangamka barabara hiyo haitembei.