Zimwi la Joujouka bado linachezeshwa

Swali lenu la wiki: je, mazimwi na wajanja wa hadithi za kale wamo kweli katika muziki wa kisasa, au ni mapambo ya majalada tu? Mara nyingi ni mapambo. Lakini Bou Jeloud wa Joujouka, kijiji cha milimani kaskazini mwa Moroko, yumo ndani ya sauti yenyewe.

Simulizi ya huko husema mchungaji aitwaye Attar alifundishwa muziki na Bou Jeloud, nusu mtu nusu mbuzi, kwa sharti la kutunza siri. Akaivunja ahadi. Zimwi likashuka kijijini kwa hasira. Wenyeji wakampa bibi arusi, Aisha Kandisha mwenda wazimu, akacheza naye mpaka zimwi likaishiwa nguvu. Mjanja hapo ni binadamu, na hila yake ni ngoma isiyokoma.

Ndiyo maana muziki huo ni mrefu. Wapiga ghaita, ndugu ya nzumari ya pwani yetu, hugawana kazi: baadhi hushikilia sauti moja bila kukatika, mashavu yakisukuma hewa huku pua ikivuta pumzi; wenzao humwitikia kiongozi. Ngoma zina nyuso mbili, mmoja hupigwa kwa kirungu, wa pili kwa ufito. Mchezaji anayeigiza Bou Jeloud, amevaa ngozi za mbuzi, huwachapa watu kwa matawi, na mwanamke aliyechapwa huaminiwa kuwa atapata mtoto.

Brian Jones wa Rolling Stones, bendi ya roki ya Uingereza, alirekodi huko mwaka 1968, miezi kadhaa baada ya Idi ya kuchinja, ambayo ndiyo msimu wa zimwi hili. Kisha studioni akaukata muziki na kuupindapinda kwa mitambo. Santuri ilitoka 1971, yeye akiwa ameshafariki, ikiwa na jina la Pan, mungu wa Wagiriki aliye nusu mbuzi. Iliutangaza muziki huo duniani, lakini kwa maoni yangu ilimpoteza zimwi: ukikata marudio, hakuna anayechoshwa.

Ornette Coleman, mwanajazi wa Marekani, alifanya vizuri zaidi Januari 1973. Saksofoni yake haikujaribu kuwaongoza wenyeji wala kuwalazimisha wafuate noti zake. Iliingia katikati yao ikahangaika pamoja nao. Msikilizeni katika “Midnight Sunrise”, iliyotoka 1977. Rolling Stones walirudi kwa wanamuziki hao mwaka 1989 katika “Continental Drift”, safari hiyo ghaita ikiwa kiungo ndani ya wimbo wao.

Kwa watayarishaji wanaotamani kutia ghaita kwenye biti: msianze na kinanda. Noti za ghaita haziangukii mahali pa noti za kinanda, na mkizivuta kwa programu zilingane, ule ukali unakufa. Anzeni na ngoma na ile sauti moja iliyoshikiliwa. Iacheni iende dakika kumi kabla ya kuamua mkate wapi.