Meya aanze na lipi? Maswali yenu kuhusu Arusha inayopanuka

Sensa ya 2012 ilikuta watu 416,442 ndani ya Jiji la Arusha. Ile ya 2022 ikakuta 617,631. Kwa wastani, basi, kila mwaka jiji limeongeza watu 20,000 hivi, na ukitaka kuwaona usiwatafute Kaloleni wala Levolosi. Nenda Muriet, Olasiti, Terrat na Olmoti, kule ambako nyumba hutangulia na barabara hufuata. Baadhi ya maswali ya safari hii yanamtaja meya. Tumeyafupisha.

Ninyi mnaofuatilia mambo ya halmashauri, mngemshauri meya aanze na nini? Tafadhali msiseme "kila kitu". (Msomaji, Sakina)

Aanze na njia. Hatusemi lami, tunasema njia: ile nafasi ya ardhi ambamo kesho barabara, mtaro, bomba la maji na nguzo za umeme vitapita. Leo nafasi hiyo ni shamba la mahindi. Kuitenga kunahitaji mpimaji, bikoni (mawe ya mipaka) na vikao kadhaa na wenye mashamba. Ukingoja miaka mitano, papo hapo pana nyumba, ukuta wa tofali na choo cha shimo, na kila kimoja kinadai fidia. Jiji lina Mpango Kabambe unaotazama hadi 2035, na barabara kubwa zimechorwa humo. Kazi ya Baraza la Madiwani ni kusukuma michoro ya mitaa iwafikie wananchi kabla ya madalali.

La pili ni madarasa, na hapa hesabu ni nyepesi. Chukua wale watu 20,000 wa kila mwaka. Tukikadiria kwamba mmoja kati ya watano ni wa umri wa shule ya msingi, hao ni watoto 4,000. Kiwango cha serikali ni wanafunzi 45 kwa chumba, kwa hiyo unahitaji vyumba 89 vipya kila mwaka ili tu hali isizidi kuwa mbaya. Kisha kuna vyoo, ambavyo havina kukatiwa utepe: tundu moja kwa wasichana 20 na tundu moja kwa wavulana 25. Nusu kwa nusu, ni matundu 180. Ukisikia diwani anasifia madarasa, muulize matundu.

Kila masika tunachangishana mtaani, tunamwaga kifusi, na ikifika Juni barabara imerudi kuwa korongo. Kwa nini meya haleti greda? (Msomaji, Muriet)

Greda si la meya. Tangu 2017 barabara za mitaa ziko chini ya TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, na zile kuu na za mkoa ni za TANROADS. Meya na madiwani wanaweza kubishania vipaumbele barabara zikipangwa, na kuongezea fedha za ndani za Jiji, lakini hawaamrishi mtambo utoke.

Tuje kwenye kifusi chenu, maana hapo ndipo hela inapotea.

Tipa la kawaida hubeba meta za ujazo 10 hivi. Mkichanga tipa sita na kuzimwaga kwenye kipande cha meta 300 chenye upana wa meta 5, mmepata tabaka la sentimita nne. Vifodi (daladala ndogo) vikipita wiki mbili, limekwisha. Barabara ya moramu inataka tabaka la sentimita 15 baada ya kushindiliwa, maana yake umwage kama sentimita 20. Kwa meta 300 hizo ni tipa 30, na kwa kilometa moja ni tipa 100. Kama mnazo sita tu, zijazeni kwenye meta 60 zilizo mbaya kuliko zote na mzimalize sawasawa, kipande kingine mwakani.

Halafu angalieni mnachomwaga. Mabaki ya tofali na zege hayashikani, yanasambaa kwenye matairi. Inatakiwa moramu yenye changarawe na udongo kiasi wa kuishika. Iloweshwe kidogo kabla ya kushindilia: finyanga donge mkononi, likikaa bila kukuachia maji kiganjani, unyevu unatosha. Likimeguka kama unga, ongeza maji. Likiteleza, ngoja jua.

Hata hivyo adui wenu mkubwa ni maji. Jiji lote limelala kwenye mteremko wa Mlima Meru, na mvua inayonyesha juu inashuka kusini hata kama kwenu kuna jua. Barabara isiyo na mgongo huyageuza yale maji kuwa msafiri wake. Kwa upana wa meta 5, katikati pawe juu kuliko kingo kwa sentimita 12 au 13. Mitaro iwe pande zote mbili, na kila baada ya umbali fulani ichepushwe itoe maji nje ya barabara, la sivyo inajikusanyia nguvu na kuanza kuchimba. Kalavati lisiwe chini ya sentimita 60 kipenyo. Lile la sentimita 30 linazibwa na chupa za plastiki na matawi mvua ya kwanza tu, maji yanapanda juu na kukata barabara papo hapo mlipotumia hela nyingi.

Na kuna jambo la aibu kidogo. Mitaro mingi haibomolewi na mvua, inafukiwa na sisi wenyewe tukitengeneza mlango wa kuingizia gari. Weka bomba la zege au slabu juu ya mtaro. Mkutano wa mtaa uwe na ubavu wa kumwambia jirani hivyo, hata akiwa mwenye gari pekee.

Mkiwa na hela ya kitu kimoja tu, chimbeni mtaro.

Tulipeleka ombi la kalavati mwezi Machi, tukaambiwa "bajeti imeshapita". Ni kweli au tunazungushwa? (Msomaji, Olasiti)

Ni kweli. Mwaka wa fedha unaanza 1 Julai na kuisha 30 Juni, lakini mipango yake inapikwa mapema. Vipaumbele vinatakiwa kutoka mtaani kati ya Septemba na Novemba, vikapite Kamati ya Maendeleo ya Kata ambayo diwani ndiye mwenyekiti wake, ndipo vifike kwa wataalamu wa Jiji na kwenye kamati za kudumu. Baada ya mwaka mpya Baraza linapitisha makadirio, yanakwenda mkoani, na Bunge linaketi kwa bajeti kuanzia Aprili. Ombi la Machi limekuta basi limeondoka stendi.

Lipelekeni tena Septemba, na safari hii likiwa na vitu vinne: muhtasari wa mkutano wa mtaa, orodha ya waliohudhuria na sahihi zao, picha ya mahali penyewe mvua ikinyesha (picha ya kiangazi haimshtui mtu), na maelezo mafupi ya nani anaathirika, kwa mfano shule ipi au zahanati ipi inakatika. Ombeni nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Maombi mengi hufa kwa sababu yalitamkwa mkutanoni na hayakuandikwa popote.

Meya anaweza kumfukuza mkurugenzi wa Jiji? (Msomaji, Njiro)

Hapana. Meya huchaguliwa na madiwani wenzake, mkurugenzi huteuliwa na Rais, na mkurugenzi ndiye anayesimamia matumizi ya fedha. Silaha ya meya ni Baraza na kamati zake: kuhoji, kukataa taarifa, kuazimia. Anayejua kuzitumia anafanya mengi.

Nimepata kiwanja Olmoti, dalali anasema kwa sababu ya uwanja wa AFCON bei itapanda mara tatu. Kina karatasi yenye muhuri wa serikali ya mtaa. Ninunue? (Msomaji, Kimandolu)

Ndugu yetu, usilipe kwanza. Uwanja wa watu 30,000 unajengwa kweli kwa ajili ya AFCON 2027, lakini hiyo ni habari ya uwanja, si ya kiwanja chako. Muhuri wa mtaa unathibitisha kwamba mlikaa mkaandikiana. Haugeuzi shamba kuwa makazi wala haukupi hati.

Nenda ofisi ya ardhi ya Jiji na umuulize ofisa mipango miji: eneo hili lina mchoro ulioidhinishwa? Kwenye mchoro hiki ni kiwanja cha makazi, au ni shule, eneo la wazi, hifadhi ya barabara? Watu wamenunua "kona nzuri" ambayo kwenye ramani ni mzunguko wa barabara. Kama kimepimwa, pata namba ya kiwanja na kitalu, omba upekuzi rasmi wa umiliki, kisha nenda na mpimaji mwenye leseni akakuonyeshe bikoni zenyewe. Akikuonyesha jiwe lililochomekwa jana, udongo wake bado mbichi, rudi nyumbani.

Angalia na maji. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya meta 60 kutoka kingo za mto. Kando ya Themi, Naura na Burka watu wanajua, wanafanya makusudi. Penye makorongo makavu ndipo watu wanaponaswa: unanunua Agosti, panafaa hata kwa mpira, Aprili maji yanapita sebuleni. Waulize majirani wa zamani, hasa wachungaji, maji hupita wapi. Hata nyasi zilizonasa kwenye seng'enge zinakuambia maji yalifika kimo gani.

Ukishajiridhisha na ukanunua, usianze msingi bila kibali cha ujenzi. Unapeleka Jiji uthibitisho wa umiliki pamoja na michoro ya jengo, na jengo la ghorofa linataka na michoro ya mihimili. Alama ya X ukutani haifutwi kwa maelezo kwamba fundi aliharakisha.

Kikundi chetu cha akina mama tunauza mitumba soko la Kilombero. Tuliomba mkopo wa Jiji tukakosa, wengine wakapata. Kuna upendeleo? (Msomaji, Sombetini)

Upendeleo hauwezi kukosekana duniani, lakini dada zetu, mara nyingi kikundi huangukia kwenye karatasi. Fedha hiyo ni asilimia 10 ya mapato ya ndani: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu, bila riba. Utoaji ulisimamishwa 2023 na kurejeshwa 2024 kwa utaratibu mpya, kwa hiyo fomu za zamani msizitegemee. Anzeni kwa ofisa maendeleo ya jamii wa kata.

Kinachowaangusha wengi ni kikundi kilichoundwa wiki moja kabla ya kuomba: katiba imenakiliwa, akaunti ya benki haina mzunguko, na andiko la mradi linasema "biashara mbalimbali". Andikeni biashara moja, kwa namba zake: robota moja mnalinunua kiasi gani, linatoa nguo ngapi za kuuzika, linachukua siku ngapi kuisha, na faida inabaki ngapi baada ya nauli na ushuru. Mkaguzi akiwauliza wanachama watatu maswali hayo kila mmoja kivyake, majibu yafanane. Na kama mmoja wenu yuko kwenye kikundi kingine chenye deni, hilo mlijue ninyi kabla halijagunduliwa mezani.

Gari la taka linapita pale linapojisikia. Tufanyeje? (Msomaji, Daraja Mbili)

Tukikadiria nusu kilo ya taka kwa mtu kwa siku, watu wa sensa ya 2022 peke yao wanatoa tani 309. Lori la tani saba linahitaji safari 44 kila siku kwenda dampo la Muriet, na njia ikiwa tope, safari zinakatika. Daini ratiba ya maandishi kutoka kwa mtendaji wa mtaa, ibandikwe ofisini, muandike siku ambazo gari halikuja. Daftari la miezi miwili lina nguvu kwenye kikao kuliko kelele.

Upande wa nyumbani, taka nzito ni maganda ya ndizi, majani na mabaki ya chakula yaliyolowa. Yatengeni kwenye ndoo yake. Mfugaji wa jirani huyachukua bure, na salfeti la taka linalobaki hulibebi tena kwa watu wawili.

Maji ya kisima cha jirani ni matamu lakini meno ya watoto yanapata rangi ya kahawia. Nikichemsha inatosha? (Msomaji, Moshono)

Haitoshi. Hayo ni madhara ya floraidi, ambayo hutoka kwenye miamba ya volkano, na kuchemsha huiongeza ukali kwa sababu maji yanapungua na floraidi inabaki. Haina rangi wala harufu. Kikomo kinachokubalika ni miligramu 1.5 kwa lita. Mwombe mwenye kisima cheti cha maabara chenye kipimo hicho. Kama hana, peleka mwenyewe sampuli maabara ya maji.

Wakati unasubiri majibu, tafuta maji ya bomba ya mamlaka ya maji au ya mvua kwa ajili ya kunywa na kupikia watoto wadogo, na ya kisima yabaki ya kufulia. Kuna pia chujio la mkaa wa mifupa, ambalo kituo cha utafiti cha Ngurdoto kimelifanyia kazi kwa muda mrefu. Linapunguza floraidi kweli, ila mkaa wake huchoka. Uliza kabla ya kununua utabadilishwa baada ya lita ngapi, na nani atakuuzia mwingine.