Usilipie hiyo makala, cheki kwanza nani alifadhili utafiti

Mdogo wangu, umesema uko kwenye tasnifu ya malaria na tovuti ya jarida inakudai dola 40 kwa makala moja tu. Usilipe. Tafuta kichwa cha hiyo makala PubMed, tovuti ya bure ya kutafutia makala za tiba, shuka chini ya muhtasari uone hela ya utafiti ilitoka wapi. Ukikuta NIH, yaani taasisi ya afya ya serikali ya Marekani, nakala ya bure karibu lazima iwepo PubMed Central, yaani hazina ya mtandaoni ya makala kamili za bure, maana tangu 2008 sheria yao inawabana watafiti waliolipwa na kodi za wananchi waweke makala huko, mwanzo majarida yaliruhusiwa kuzifungia hadi miezi 12 ila zilizokubaliwa na jarida kuanzia tarehe 1 Julai 2025 hakuna tena kusubiri, ikitoka tu unasoma. Mi naona wamechelewa sana, malaria inaua watoto wetu halafu matokeo yanafungiwa mwaka mzima kweli?

Usishtuke ukikuta imeandikwa ni nakala ya mwandishi, haijapangwa vizuri, majedwali yako mwishoni, lakini imeshapitiwa na wataalamu. Namba za kurasa tu chukua za jarida unaponukuu.

Ikikosekana mwandikie mtafiti imeili fupi, wengi wanatuma. Na muulize mkutubi wa chuo kama mmejiunga na Research4Life, mpango unaovipa vyuo vya nchi zenye kipato kidogo majarida bure au kwa bei nafuu, wanafunzi wengi hawajui kabisa kama chuo chao kimo.