Buli la shangazi lina miaka mingapi?

SWALI: Shikamoo Bibi. Marehemu shangazi aliniachia buli la Kijapani la rangi ya maziwa, limechorwa wazee wenye duara za dhahabu vichwani. Limejaa mipasuko myembamba kama nywele. Kitakoni pana msalaba ndani ya duara, na chini yake “Made in Japan”. Muuzaji mmoja anasema ni Satsuma la miaka 200, nimlipe aniandikie cheti. Ni kweli? Naweza kulitilia chai?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Pesa ya cheti weka mfukoni.

Msalaba ndani ya duara ni nembo ya ukoo wa Shimazu, mabwana wa Satsuma, kule kusini mwa kisiwa cha Kyushu, Japani. Muuzaji hapo hakukosea. Lakini baada ya vyombo vya Satsuma kuonyeshwa Paris mwaka 1867, wanunuzi wa Ulaya na Marekani walivitaka mno, na mafundi wa Kyoto, Osaka na Yokohama nao wakaanza kuvichora na kuvipiga nembo hiyohiyo. Nembo peke yake haithibitishi kitu.

Maneno “Made in Japan” ndiyo yanayomuumbua muuzaji. Sheria ya Marekani iliyoanza kutumika 1891 ilidai bidhaa ya kigeni iandikwe nchi ilikotoka. Wajapani wakaandika “Nippon”, hadi 1921 walipotakiwa kuandika “Japan”. Buli lako basi huenda lina umri wa shangazi mwenyewe, si wa babu wa babu yake.

Chukua kioo cha kukuzia utazame wale wazee, ambao ni wanafunzi wa Buddha. Kila mmoja ana uso wake, ndevu zimechorwa unywele kwa unywele? Hiyo ni kazi ya mkono uliotulia. Wote wakiwa na uso mmoja na madoadoa ya rangi iliyotuna, lilichorwa harakaharaka la kuuza nje.

Mipasuko isikutishe, ni ya ule mng'ao wa juu, tabaka lile kama kioo, uliopasuka ulipopoa tanurini. Ila chai hupenya humo ikaacha madoa yasiyotoka, na rangi za zamani huweza kuwa na madini ya risasi, ambayo ni sumu. Usilitilie.

Na usilisugue! Dhahabu hupakwa juu ya mng'ao na kuchomwa kwa moto mdogo, haina mshiko. Langu la kwanza nililiosha kwa sifongo ngumu, Kannon, mtakatifu wa huruma wa Kibuddha aliyechorwa humo, akabaki hana uso. Kitambaa laini na maji ya uvuguvugu vinatosha.