Shangazi, niwaalike nani? Wageni watano kutoka kwenye historia

SWALI: Shikamoo shangazi. Sisi ni wamama marafiki, kila mwisho wa mwezi tunakula kwa mmoja wetu, ni kama upatu tu ila badala ya hela ni msosi. Sa mwezi huu zamu yangu na kwenye grupu tumekubaliana mchezo, kila mtu aje na listi ya watu watano wa zamani waliokwisha kufa ambao angewaalika chakula cha usiku nyumbani kwake, afu anaitetea mbele ya wenzie. Mi nimeweka Mansa Musa, Cleopatra, Shaka Zulu, Einstein na Mwalimu Nyerere. Mume wangu ananicheka, anasema hiyo sio karamu ni kikao cha Umoja wa Mataifa. Nisaidie shangazi, sitaki kuaibika.
Msomaji, Tanga

JIBU: Marahaba mwanangu. Mumeo kasema kweli ila usimwambie kama nimemuunga mkono. Listi yako umechagua majina, hukufikiria utakaa nao vipi. Karibu wote hao wamezoea wao waseme wengine wanyamaze, sasa hapo mezani nani atamwambia mwenzie enhe, ikawaje? Karamu haihitaji mabosi watano, inahitaji angalau wawili wanaopenda kuuliza.

Mi mgeni wa zamani namchagua kwa kuangalia kama kuna maandishi yoyote yanayoonyesha alikuwaje kwenye chakula na kwenye maongezi. Chukua huyo Mansa Musa. Najua umemweka kwa sababu ya dhahabu, alipopita Cairo mwaka 1324 akienda Hija aliigawa mpaka bei yake ikaporomoka sokoni, na wakati wa kurudi mwenyewe akawa anakopa kwa wafanyabiashara wa huko huko. Hapo stori tamu kabisa. Lakini al-Umari, mwandishi wa Kiarabu wa karne hiyo aliyewahoji watu waliomwona, anaandika kwamba desturi ya mfalme wa Mali ilikuwa kula peke yake, hakuna wa kumwona akila hata awe nani. Yaani umemwalika mtu chakula cha usiku, akifika inabidi umtengee sahani chumbani na mlango ufunge. Mtoe.

Cleopatra lugha anazo nyingi, mwandishi wa kale Plutarch anasema mara chache sana alihitaji mkalimani, ila karamu zake na mpenzi wake Antony zilikuwa za kufuja mali na wewe bajeti yako naijua. Shaka na Einstein sina ugomvi nao, hao umewaweka kwa kuwa ndio majina yaliyokujia kichwani kwanza, kubali tu. Mwalimu abaki. Mtu ni rais wa nchi changa na bado anapata muda wa kukaa chini kumtafsiri Shakespeare kwa Kiswahili, tafsiri ya Julius Caesar ikatoka 1963 na Mabepari wa Venisi 1969, na bao analipenda, huyo hata siasa ikiisha mtaongea. Ila usimweke kichwa cha meza, utapata hotuba.

Wa pili mwite Ibn Battuta, na huyu mshike kweli kweli. Alitoka kwao Tangier 1325 akiwa kijana wa miaka 21, akazunguka mpaka India na China, na 1331 akapita pwani yetu hii, Mogadishu, Mombasa akalala usiku mmoja tu, akafika Kilwa. Na kila alipofika anakuambia alikula nini! Ndiye aliyetuachia kwamba watu wa Mombasa walikuwa wanakula ndizi na samaki. Halafu ana tabia ya shemeji fulani wa kwenye harusi, ukimpa kidogo anakusema. Alipofika Mali 1352 akaambiwa kuna zawadi ya mfalme inakuja, akadhani ni mavazi na hela, kumbe mikate mitatu, kipande cha nyama ya kukaanga na kibuyu cha maziwa mgando, mwenyewe anasimulia alivyocheka. Baadaye akamfuata mfalme mwenyewe, Mansa Sulayman, uso kwa uso akamuuliza, nitasema nini juu yako mbele ya wafalme wengine? Mtu kama huyo hata wageni wengine wakigoma kuongea yeye atajaza usiku.

Wa tatu ni Sidi Mubarak Bombay na hapa najua nusu ya grupu lenu watauliza ndio nani, jambo ambalo linaniudhi kwa sababu wale wapelelezi wa Kizungu, Burton, Speke, Stanley na Cameron, wote wanajulikana mashuleni na huyu mmoja alitembea nao wote. Alikuwa Myao, akatekwa mtoto, akauzwa Kilwa, akapelekwa India, bwana wake alipokufa akawa huru akarudi huku, na 1857 Burton na Speke wanamkuta ni askari wa sultani karibu na Pangani. Speke alikuwa anaongea naye Kihindustani. 1858 yuko na Speke wanafika ziwa Nyanza (Victoria) upande wa Mwanza, 1871 yuko na Stanley wanamkuta Livingstone Ujiji, halafu na Cameron wakakata bara zima kwa miguu mpaka bahari ya Atlantiki 1875. Wazungu hao waliandika mavitabu, yeye hakuandika hata ukurasa. Mi ningemwalika kwa hilo peke yake, nimsikie anavyomsimulia Stanley kwa mdomo wake, maana Stanley alikuwa anampiga.

Sasa mbele ya Bombay umkalishe Bibi Salme binti Said, binti wa Sayyid Said wa Unguja. Alizaliwa 1844 jumba la Mtoni, akajifundisha kuandika kwa siri wakati wasichana walifundishwa kusoma tu, alikuwa ananakili herufi za Kurani kwenye mfupa wa bega la ngamia. Na kuandika huko kukamponza, kaka yake Barghash alipopanga kumpindua ndugu yao Majid aliyekuwa sultani, 1859, yeye ndio akawa karani wa njama akiwa na miaka 15. Baadaye akapata mimba ya mfanyabiashara Mjerumani, akaondoka na meli ya Waingereza 1866, akawa Emily Ruete, akaishia kuandika kumbukumbu zake kwa Kijerumani zikatoka 1886. Humo anaeleza mpaka ukaaji wa chakula pale kwa baba yake, masuria hawakuwa wanakaa kula naye, na mama yake Salme alikuwa suria. Kwa hiyo ukimkalisha mezani kwako na kila mtu, hilo analijua uzito wake.

Lakini Salme huyo huyo kwenye kitabu chake aliutetea utumwa. Na Bombay aliuzwa. Usiwatenganishe! Karamu isiyo na ubishi hata mmoja watu wanaanza kuangalia simu saa tatu na nusu. Mwache Salme aseme aliyoyaandika huku anamtazama mtu usoni, halafu Bombay amjibu kwa Kiswahili chake, na Ibn Battuta ambaye yeye mwenyewe alikuwa anasafiri na watumwa na wala haoni tabu kulisema, atatafsiriwa na Salme kwa Kiarabu, tuone atatafsiri kweli au atapunguza.

Wa tano Siti binti Saad. Wenzio wengi watamtaja kwa ajili ya taarab kwa hiyo wewe mtaje kwa sababu nyingine. Kabla ya umaarufu alikuwa anauza vyungu, kazaliwa Fumba 1880 kwenye familia ya watu wa chini, 1928 akapanda meli mpaka mji wa Bombay, India, kurekodi santuri za Kiswahili, na nyimbo zake zilikuwa zinabeba habari za mjini na kesi za mahakamani, nani kaonewa nani kahonga. Yaani baada ya karamu yako ndani ya wiki mji mzima utajua nani alisema nini, kwa mashairi. Kaa naye vizuri. Tena yeye na Sidi Mubarak watakuwa na maongezi yao pembeni kuhusu mji ule ambao mmoja alirekodi humo na mwingine kaitwa kwa jina lake.

Sasa nenda uwaambie wenzio listi imepita kwa shangazi.

SWALI: Shangazi mbona watu wanamsahau Vasco da Gama? Sisi kwetu alipokewa vizuri na nguzo yake ipo mpaka leo watalii wanapiga nayo selfi. Huyo mi namwalika.
Kijana wa Malindi

JIBU: Mwalike ila hatokuja. Sultani wenu alishajaribu 1498, akampelekea kondoo sita, karafuu, bizari, tangawizi, kungumanga na pilipili manga, akamwomba ashuke apumzike nyumbani kwake, jamaa akajibu bwana wake hakumpa ruhusa ya kukanyaga nchi kavu. Hata kuonana kwenyewe kulikuwa kwenye mashua majini. Kuogopa alikuwa na sababu maana siku chache kabla, akiwa Mombasa, aliwahoji watu wawili kwa kuwadondoshea mafuta ya moto mwilini, hayo yako kwenye shajara ya safari yao wenyewe. Mtu wa hivyo mi simweki karibu na karai la sambusa.

SWALI: Asalaam aleikum shangazi. Je, mtu wa kwenye utendi anakubalika? Nataka Fumo Liyongo ila dada yangu anasema huyo ni hadithi.
Mwanafunzi, Lamu

JIBU: Waaleikum salaam mwanangu. Miaka yake watu wanabishana mpaka leo, mi nakukubalia, ila jua unamwalika mtu mwenye historia mbaya sana na chakula cha pamoja. Utendi unasema maadui zake walimwekea kikoa cha makoma, yaani kula pamoja kwa zamu matunda ya mkoma, kila mmoja kwa zamu apande mkoma awaangulie wenzie, zamu ya Liyongo ikifika wampige mishale akiwa juu. Yeye akatoa upinde wake akayaangua makoma kutoka chini. Na gerezani alitoka kwa mkate wa wishwa (makapi ya nafaka) uliofichwa ndani yake tupa ya kukatia chuma, walinzi walizoea kunyang'anya mikate mizuri tu. Kwa hiyo atakuja, atakaa anaangalia mlango, na ataukata mkate wako vipande vipande kabla hajala. Usichukie.

SWALI: Shangazi habari za huko? Nimeuona huo mchezo, shoga yangu wa Tanga kanitumia jibu lako nami nataka kuufanya hapa na Waswahili wenzangu. Listi naichukua hiyo hiyo ila nakwama kwenye menyu. Nilitaka nipike vya nyumbani vya ukweli, ugali na samaki wa kupaka, muhogo wa nazi, kachumbari, pilipili ya kusaga. Au?
Mama wa Muscat

JIBU: Njema mwanangu, ila hapo utamtisha mgeni mmoja. Mahindi, muhogo, nyanya, pilipili kali, viazi, karanga, papai, nanasi, vyote hivyo asili yake Amerika na vilianza kuvuka bahari kuja huku baada ya safari ya Columbus ya 1492. Ibn Battuta alishakufa zamani. Kwake hiyo meza yako ya nyumbani ni ngeni kuliko ya China! Na ugali ndio kabisa, alipokuwa Mali alikula asida, ugali wa aina yake uliopikwa kwa kitu kama magimbi, walikula watu sita wote wakaugua, mmoja akafa na yeye akalala mgonjwa miezi miwili. Ukimletea donge jeupe linalofuka moshi anaaga.

Mpikie aliyopikiwa Mogadishu, kayaeleza vizuri: wali wa samli, na juu yake mchuzi wa kuku, nyama, samaki na mboga, ndizi mbichi zilizopikwa kwa maziwa, mtindi pembeni na achari ya ndimu, tangawizi mbichi na embe. Hebu niambie hapo kuna kitu gani usichokijua? Hata tambuu na popoo aliletewa, na marashi ya mawaridi ya Damascus. Wali uwe mwingi, maana alishangaa Mogadishu mtu mmoja anakula chakula cha kundi zima la watu wa kwao. Kahawa yeye hajaijua bado, Salme anaijua sana kwa hiyo mwachie yeye kazi ya kummiminia na kumweleza.

Ugali usiutupe, Mwalimu atauulizia. Uweke upande wake na wa Siti, na pilipili ya kusaga iwe kwenye kibakuli chenye kifuniko, mbali na mkono wa Ibn Battuta, asije akaiandika.